Pesa ya Jimbo Haikufuati Nyumbani: Namna ya Kuingia Kwenye Kazi za Nishati Safi Massachusetts

Chukua bili yako ya stima uisome mpaka chini, kwenye zile tozo ndogondogo zisizosomwa na mtu. Kama umeme wako unatoka National Grid au Eversource, unalipa tozo ya nishati jadidifu ya dola 0.0005 kwa kila uniti. Nyumba inayotumia uniti 600 kwa mwezi inachangia senti 30. Senti hizo, zikikusanywa mji baada ya mji, ndizo zinazoiweka hai MassCEC, taasisi ya jimbo inayolipia mafunzo, ajira na utafiti wa nishati safi hapa Massachusetts.

Nimeanzia kwenye bili kwa makusudi. Watu wetu wa Lowell na Worcester wakisikia jimbo linatoa pesa, wanafikiria fudi stempu, ule msaada wa chakula, na wenye haya zao hawaendi hata kuuliza. Ndugu yangu, hiyo pesa umeshailipa. Kinachobaki ni kujua inatua wapi.

Maana mkononi mwako haitui. Inakwenda kwa mwajiri, kwa chuo, kwa shirika linalofundisha, kwa mtafiti mwenye kampuni changa. Kila wiki nasikia mtu akisema alifungua tovuti ya MassCEC, akatafuta fomu ya mtu binafsi ya kuomba mafunzo, hakuiona, akaifunga. Hakuiona kwa sababu, kwa sehemu kubwa, fomu zile si za mtu binafsi. Ni za wale watakaokufundisha au kukuajiri. Basi wewe unawatafuta hao.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, Changamwe, na hapa Lowell nilianza kama wengi wetu, kwenye nyumba za wazee, shifti ya usiku. Leo ni mkaguzi wa nishati majumbani. Naingia nyumba za watu kupima hewa inavuja wapi na nini kifanywe. Simu zinazonijia ni za Ijumaa baada ya swala na Jumapili baada ya ibada, na swali ni lilelile: nianzie wapi? Haya ndiyo ninayowajibu.

Kwanza jua sheria zinazokulinda, kwa ufupi tu, kwa sababu zinasaidia kujua pesa gani haitakauka kesho. Mwaka 2008, wakati wa Gavana Deval Patrick, jimbo lilipitisha sheria ya kazi za kijani iliyozaa MassCEC, na nyingine iliyoyalazimisha makampuni ya umeme na gesi kulipia upunguzaji wa matumizi kabla ya kununua umeme zaidi. Hiyo ya pili ndiyo inayoendesha Mass Save, programu ya kupunguza matumizi ya nishati majumbani. Machi 2021 Gavana Charlie Baker akatia saini sheria inayoitaka Massachusetts ifikie sifuri halisi ya hewa ukaa, yaani isitoe zaidi ya inayofyonzwa, ifikapo 2050, na ndani yake zikatengwa dola milioni 12 kila mwaka kwa mafunzo ya kazi na biashara za watu ambao sekta hii iliwaacha nje: wa kipato cha chini, watu wa rangi, wanawake, wasiozungumza sana Kiingereza. Yaani sisi. Patrick ni Mdemokrati, Baker ni Mrepublican. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie haya yote ni upepo wa uchaguzi mmoja.

Novemba 2024 Gavana Maura Healey naye alitia saini sheria iliyoidhinisha dola milioni 400 kwa teknolojia ya tabianchi. Kuidhinishwa na kulipwa ni mambo mawili, na aliyewahi kusubiri mradi wa serikali popote pale analijua hilo.

Sasa kazi zenyewe. Ukisema nishati safi, kila mtu anaona paneli za sola na mitambo ya upepo baharini. Mimi nakwambia anza na kuta. Massachusetts imejaa nyumba za mbao za zamani, zile za ghorofa tatu za Worcester na zile walizopangishwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo hapa Lowell, na nyingi hazina kitu ndani ya kuta zake. Mass Save inalipia asilimia 75 au zaidi ya gharama ya kuziziba, na kwa wenye kipato kidogo hulipia zote. Bajeti ya Mass Save ya miaka mitatu, 2025 hadi 2027, ilipunguzwa kwa dola milioni 500 na wasimamizi wa jimbo kwa sababu bili za watu zilikuwa zimepanda mno. Hata baada ya kupunguzwa ilibaki kama dola bilioni 4.5. Hiyo pesa inahitaji mikono.

Kazi inakwendaje? Mkaguzi, yaani mimi, nafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, na turubai lake linauziba mlango mzima. Feni inavuta hewa nje mpaka tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50. Hapo nyumba inaanza kusema yenyewe. Weka kiganja karibu na soketi ya ukutani, utasikia upepo wa baridi unatoka. Pita chini ya ngazi ya darini, pita penye bomba la choo linapopenya dari, utaukuta tena. Naandika yote. Baada ya wiki kadhaa wanakuja mafundi. Mmoja anapanda darini na povu la kuziba, anafuata kila tundu la waya na bomba, na penye dohani anatumia bati na gundi isiyoshika moto, kwa sababu povu la kawaida pale ni hatari. Wengine wako nje: wanabandua ubao wa ukuta, wanatoboa tundu, wanaingiza mpira, na mashine iliyo kwenye lori inapuliza karatasi iliyosagwa mpaka ukuta ushibe. Ni magazeti ya zamani yaliyotiwa chumvi ya boroni ili yasishike moto wala kuliwa na wadudu. Ukiusikiliza mpira, mlio unabadilika ukuta unapojaa. Fundi mzuri hasubiri kipimo, anasikia.

Sikupambi maneno. Darini kiangazi ni joto la kuumiza, na Januari uko nje kwenye ngazi. Barakoa unavaa siku nzima. Lakini hakuna anayekuuliza cheti cha shule, na ukikaa ukajifunza unakuwa kiongozi wa kikosi, kisha mkaguzi, na mkaguzi anafanya kazi ya mchana, anakula chakula cha jioni na watoto wake. Aliyetoka shifti ya usiku anajua thamani ya hilo.

Jambo moja ambalo wapya hawaambiwi: nyumba nyingi hukwama katikati. Nikikuta nyaya za zamani zile zinazopita kwenye vigingi vya kauri, siwezi kuruhusu kuta zipulizwe mpaka fundi umeme mwenye leseni aje athibitishe kuwa hazipitishi umeme tena. Nikikuta chembechembe za vermikulaiti, yale madini mepesi ya zamani ya kuzuia baridi, darini, kazi inasimama kwa hofu ya asbesto. Ndiyo maana mafundi umeme hawatoshi katika jimbo hili. Tathmini ya MassCEC ya mwaka 2023 ilisema Massachusetts inahitaji wafanyakazi wapya wa nishati safi karibu 30,000 ifikapo 2030, na wa umeme ni miongoni mwa wanaotafutwa zaidi.

Kwa hiyo kama wewe ni kijana, au una subira, ifuate leseni ya fundi umeme. Jimbo linataka saa 8,000 za kazi chini ya fundi mwenye leseni, zisizopungua miaka minne, na saa 600 za darasani, kisha mtihani. Saa hizo za darasani nyingi hufundishwa jioni, kwenye shule za ufundi. Njia nzuri zaidi ni uanagenzi uliosajiliwa, ambapo unalipwa huku ukisoma. Chama cha wafanyakazi wa umeme, IBEW, kina tawi la 103 Boston na la 96 Worcester, na wanaangalia hesabu, hasa aljebra, kwa hiyo kama aljebra yako imelala tangu sekondari iamshe kabla ya usaili. Nje ya chama pia kuna wakandarasi wanaochukua wanagenzi. Popote uendapo, jihakikishie jina lako limesajiliwa kama mwanagenzi, na weka daftari lako mwenyewe la saa: tarehe, anwani ya kazi, jina la fundi aliyekusimamia na namba ya leseni yake. Mwajiri anaweza kufunga biashara, na ukiwa huna karatasi, saa zako zinakwenda naye.

Njia ya tatu ni pampu za joto, zile mashine zinazopasha nyumba wakati wa baridi na kuipooza kiangazi bila mafuta wala gesi. Kuna mtihani mmoja unaofungua mlango: cheti cha kifungu cha 608 cha EPA, idara ya mazingira ya shirikisho, bila hicho huruhusiwi kugusa gesi ya majokofu. Una sehemu nne, kila moja ina maswali 25, na ukipata 18 umepita. Ukizipita zote unapewa cheti cha jumla. Hauhitaji diploma kuufanya. Leseni ya jimbo ya fundi majokofu inahitajika kwa mifumo mikubwa, ya kiwango cha kama tani 10 za ubaridi (kipimo cha nguvu ya kupooza), na mashine za majumbani ziko chini ya hapo. Wiring lakini ni ya fundi umeme, usiiguse.

Upepo wa baharini nitaupitia haraka. Jimbo limeuwekea pesa ya kweli: bandari ya New Bedford iliyojengwa na kumilikiwa na MassCEC ndiyo iliyotumika kupakia mitambo 62 ya Vineyard Wind, mradi wa upepo wa baharini, na Bristol Community College ina kituo cha mafunzo papo hapo mjini. Cheti cha kuingilia ni cha usalama cha GWO, shirika la kimataifa la sekta ya upepo, chenye huduma ya kwanza, kubeba mizigo, moto, kupanda juu na kuokoka majini. Mtoto wa Pwani hapo kwenye maji hana wasiwasi, baridi tu. Lakini Januari 2025 serikali ya shirikisho ilisimamisha ukodishaji mpya wa maeneo ya bahari na vibali, na tangu hapo sekta hiyo inayumba. Sola ya paa nayo imepigwa: nafuu ya kodi ya shirikisho kwa mwenye nyumba ilikoma kwa mitambo iliyokamilika kufungwa baada ya 31 Desemba 2025. Bado kuna kazi, ila mimi nisingemshauri mama mwenye watoto watatu aache kazi yake leo akabahatishe huko. Kuta na pampu za joto zinalipiwa hapa hapa jimboni kupitia Mass Save, si Washington.

Mafunzo utayapata wapi? Mlango wa kwanza ni kituo cha MassHire, ofisi ya ajira ya jimbo. Kipo Lowell, kipo Worcester, vipo kote jimboni, na hulipii kitu. Uliza mambo matatu kwa majina yake. Uliza kama wana nafasi za Career Technical Initiative, ambapo shule za ufundi hufungua karakana zake jioni kwa watu wazima wasio na kazi au wenye kazi duni. Uliza ni mashirika gani ya eneo lako yanayofundisha kwa ruzuku ya usawa ya MassCEC, kwa sababu mengine hulipa posho wakati wa mafunzo na husaidia usafiri au malezi ya watoto. Na kama unapokea mafao ya kukosa kazi, uliza kuhusu Section 30, inayokuruhusu kusoma bila kulazimika kutafuta kazi kila wiki na inaweza kurefusha mafao yako. Hiyo ina muda wa mwisho, iombe mapema, usingoje mafao yakaribie kwisha.

Kisha kuna kitu ambacho MassHire hawakitangazi sana. Mwajiri akikuchukua na kukufundisha kazini, anaweza kurudishiwa hadi nusu ya mshahara wako wa kipindi cha mafunzo, na wakati mwingine zaidi. Makampuni makubwa yanalijua hilo. Mkandarasi mdogo mwenye magari mawili mara nyingi halijui. Ukiingia kwake ukiwa umeshaandikishwa MassHire, ukamwambia kwa heshima kwamba kuna ofisi itakayomrudishia sehemu ya mshahara wako na namba ya mhusika ni hii hapa, umekwisha kuwa tofauti na wote waliompigia wiki hiyo. Hakikisha tu hakuajiri kabla mkataba wa mafunzo haujatiwa saini, maana pesa hiyo hairudi nyuma.

Mlango wa pili ni chuo cha jamii. Tangu 2024, chini ya MassEducate, mkazi wa jimbo asiye na digrii ya kwanza anasoma bure chuo cha jamii, awe na umri wowote. Kwetu hapa ni Middlesex, Worcester ni Quinsigamond. Unajaza kwanza FAFSA, fomu ya shirikisho ya kuomba msaada wa ada, hata kama unajua hutapata kitu cha shirikisho. Wenye digrii ya Makerere au Dar es Salaam, digrii yenu inahesabika na bure hiyo haiwahusu, kwa hiyo nyinyi nendeni moja kwa moja kwenye vyeti vifupi au kwenye utafiti, ninaofikia sasa hivi.

Kabla ya kujiandikisha kokote, uliza. Niliwahi kutembelea kozi moja, sitaitaja, ambapo vijana walikaa wiki nzima wakitazama picha za pampu za joto ukutani na hawakushika hata bisibisi. Waulize: kuna mashine ngapi za kufanyia mazoezi? Ada ya mtihani wa EPA na kadi ya OSHA ya mafunzo ya saa 10 ya usalama kazini ziko ndani? Darasa lililopita waliajiriwa wangapi, na nani? Wakianza kuzungukazunguka kwenye hilo la mwisho, shukuru uondoke.

Kwa wanafunzi. Tangu 2011 MassCEC ina programu ya mafunzo kazini, na hapa tena pesa inakwenda kwa kampuni: inarudishiwa mshahara wa mwanafunzi. Wewe unaweka wasifu wako kwenye orodha yao, lakini usikae ukingoja kuitwa. Tafuta kampuni ndogo za nishati, ziandikie mwenyewe, sema uko kwenye programu. Si wahandisi tu wanaotakiwa. Wanahitaji wahasibu, watu wa takwimu, watu wa mauzo wanaoweza kuongea na familia ya Kiswahili au Kireno. Na kama uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, pitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa upate idhini ya CPT, yaani ya kufanya kazi kama sehemu ya masomo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Hata kama bosi anakuharakisha. Hata kama ni wiki moja tu.

Utafiti una mizizi mirefu hapa kuliko watu wanavyodhani. William Heronemus alikuwa akifundisha UMass Amherst mapema miaka ya 1970 kwamba umeme wa upepo ungetoka baharini, na 1976 kundi lake likasimamisha mtambo wa kilowati 25 pale chuoni. Charlestown, Boston, kuna jengo lililofunguliwa 2011 ambapo mapanga ya mitambo ya upepo, hadi ya urefu wa mita 90, hufungwa ukutani na kupindwa juu na chini mchana na usiku mpaka yachoke. UMass Lowell yenyewe ina kundi la utafiti wa upepo. Kama una wazo lililofanya kazi maabara, ruzuku ya Catalyst ya MassCEC ni ya hatua hiyo hasa: makumi ya maelfu ya dola za kuonyesha kwamba kitu kinaweza kuwa bidhaa. Ukifika kwenye majaribio na mteja halisi, ipo InnovateMass, kubwa zaidi. Waamuzi wanataka kujua nani atanunua, kitapunguza hewa ukaa kiasi gani, na kwa nini kazi hiyo ibaki Massachusetts. Nimesoma maombi ya vijana wetu wawili watatu. Sayansi safi kabisa, na mteja hayumo hata sentensi moja. Anza na mteja.

Barobaro mmoja wa Bukavu aliniuliza, “Dada, Kingereza yangu ni kidogo, watanipokea?” Nikamwambia vikosi vingi vya darini vinaongea Kihispania na Kireno kuliko Kiingereza, kwa hiyo atajifunza lugha mbili kwa mshahara mmoja. MassHire una haki ya mkalimani bila kulipa: piga simu, taja jina lako, sema “Swahili”, usubiri kwenye laini. Usimpe mtoto wako wa miaka 10 atafsiri mambo ya mkataba. Leseni ya udereva ni muhimu kuliko Kiingereza, kwa sababu vani ya kazi inaondoka alfajiri na basi la kwanza bado halijafika.

Siku ya kwenda MassHire chukua kitambulisho, kadi ya Social Security, kibali cha kazi au grini kadi, na karatasi za mshahara za miezi ya karibuni. Wanaume, kuna moja inayowarudisha wengi nyumbani mikono mitupu: mafunzo ya pesa ya shirikisho yanataka uthibitisho wa usajili wa Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, kwa aliyekuwa hapa kati ya umri wa miaka 18 na 25, mkimbizi akiwemo. Uliyefika ukiwa na miaka 26 au zaidi husajiliwi, lakini beba karatasi inayoonyesha tarehe uliyoingia Marekani.